"Very", "really", "totally" au "literally": uchague lipi, na unamwambia nani

Kiswahili kimetupa "sana", na "sana" haichagui kazi. Chakula kitamu sana, nakupenda sana, asante sana, pole sana, amekimbia sana. Iwe ni kivumishi, kitenzi, shukrani au rambirambi, neno ni lile lile na linakaa mwisho. Kiingereza kimeigawanya kazi hiyo kwa maneno mengi. Kuna yanayokubali kivumishi na kukataa kitenzi, kuna yanayofaa barua na kuna yanayofaa kibarazani tu. Hapa Nairobi tunayasikia yote kwa siku moja: asubuhi redioni, mchana kazini, jioni kwenye simu ya mtoto anayetazama video za Marekani. Si ajabu yakituchanganyikia mdomoni.

Ninaliandikia jambo hili kwa sababu nasoma barua nyingi za vijana wanaotafuta kazi, na inaniuma kuona mtu mwenye ujuzi wake akipimwa kwa neno moja dogo. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Hata hivyo barua ya kuomba kazi Upper Hill au Industrial Area bado huandikwa kwa Kiingereza, na anayeisoma ana rundo zima mezani. Hakuna atakayempigia mwombaji simu kumweleza kwamba "totally" yake ilisikika kama mazungumzo ya kijiweni. Barua inawekwa kando, basi.

Aliye na haraka achukue hili. Kwenye karatasi, tumia "very" mara chache, na mahali pengi usitie mkazo wowote. Kwa mdomo kazini, "really" haitakuangusha. Ukikubali jambo mbele ya bosi, sema "absolutely" au "definitely". "Totally", "so" na "literally" waachie marafiki, isipokuwa pale unapozitumia kwa maana yake ya asili. Aliye na muda asome sababu, kwa maana ndizo zitakazomsaidia siku atakapokutana na neno ambalo sikulitaja.

"Very" na "really"

Haya mawili ni ndugu. "Very" ilitoka kwenye neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya "kweli", na "really" nayo ni "kweli" vile vile. Njia hiyo tunaijua, maana nasi husema "mzuri kweli" na "amechoka kwelikweli". Kabla ya "very" kushika usukani, Waingereza walitumia "swithe", "full" na "right". "Swithe" imekufa. "Right" imebaki kwenye vyeo: Raila Odinga alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2013 aliitwa "Right Honourable", na hiyo "right" ni ile "sana" ya kale, yaani mheshimiwa sana.

Maneno ya mkazo huchakaa kwa kutumiwa. Neno likishasemwa na kila mtu kuhusu kila kitu, halimshtui msikilizaji tena, na kizazi kinachofuata hutafuta jingine. "Awfully" na "terribly" zilibeba hofu ya kweli kweli, na leo Mwingereza anakwambia "awfully nice" huku anatabasamu. Kwa hiyo simlaumu kijana anayesema "totally" kana kwamba yeye ndiye wa kwanza kuharibu lugha ya watu. Wenye lugha wamefanya hivyo kwa karne nyingi, na kila mara wazee wao walilalamika.

Tofauti ya "very" na "really" leo ni ya umri na ya mahali. Rika Ito na Sali Tagliamonte walichapisha mwaka 2003 utafiti juu ya mazungumzo ya wakazi wa mji wa York, Uingereza, na walichokuta ni kwamba wazee walishikilia "very" huku vijana wakihamia "really". Nikisikiliza maofisini hapa naona mwelekeo unaofanana na huo: "very" ni ya hotuba, ya taarifa, ya mkuu wa shule akizungumza na wazazi. "Really" ni ya mtu anayezungumza na mtu.

Kuna na suala la sarufi ambalo "sana" yetu hutusahaulisha. "Very" haikai mbele ya kitenzi. Huwezi kuandika "I very appreciate your help". Ama useme "I really appreciate your help", ama "I very much appreciate your help", na ya pili ina urasmi zaidi. Kwa sababu "nashukuru sana" na "nzuri sana" kwetu ni mtindo mmoja, kosa hili huingia kimyakimya hata kwenye barua ya mtu aliyesoma vizuri.

Tazama kipande hiki cha barua. Nimekitunga, lakini kila anayesoma barua za kazi atakitambua: "I am very very interested in this position. I am very hardworking and very honest. I will be very grateful if you consider me." Hizo ni "very" tano katika sentensi tatu. Mwandishi hakukosea sarufi hata mahali pamoja. Shida ni kwamba kila "very" inampunguzia kitu. Kiswahili hupenda kurudia, tunasema polepole, kwelikweli, vizurivizuri, na kurudia huko kunajenga. "Very very" kwa Kiingereza inakubalika mdomoni, lakini kwenye karatasi inasikika kama mtu anayebembeleza. Na "very honest" ina hatari yake, maana msomaji huanza kujiuliza kwa nini huyu anasisitiza.

Sasa weka hii badala yake: "For three years I have kept the stock records of a hardware shop in Industrial Area, and every evening I hand over the keys and the day's cash." Hakuna kielezi cha mkazo hata kimoja. Uaminifu uko pale, bidii iko pale, na msomaji amefika huko kwa miguu yake mwenyewe. Ndiyo sababu nasema kwenye karatasi mara nyingi chaguo bora ni kutochagua lolote. Walimu wa kidato cha nne wanalijua hili pia: karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ina alama 60, na 20 kati ya hizo ni za uandishi wa kikazi, yaani barua, kumbukumbu za mkutano, ripoti na mfano wa hayo. Mtahiniwa anayemwandikia mwajiri kama anavyomwandikia rafiki huziacha alama mezani.

"Absolutely", "completely" na "totally"

Hapa sikio la Kiswahili linatusaidia kuliko kitabu chochote. Hatusemi "amekufa sana". Tunasema "amekufa kabisa". Kufa hakuna ngazi, kuchoka kuna ngazi. Kiingereza nacho kina sifa zenye ngazi, kama "tired", "cold", "big", "difficult", na sifa zilizokwisha kufika kileleni, kama "exhausted", "freezing", "enormous", "impossible". Za kwanza zinataka "very" au "really". Za pili zinataka "absolutely", "completely" au "totally". Ukiandika "very impossible" au "very exhausted", umemwongezea urefu mtu aliyekwisha gonga dari.

Kanuni yangu ni hii: jiulize kama Kiswahili chake kingekaa vyema na "sana" au na "kabisa". "Ngumu sana", basi "very difficult". "Haiwezekani kabisa", basi "absolutely impossible" au "completely impossible". Kanuni hii ina mianya, kwa sababu "kabisa" yetu ni pana na hukubali hata "mzuri kabisa", lakini mara nyingi itakufikisha. Kumbuka tu kwamba "really" inakubali pande zote mbili, "really tired" na "really exhausted", na ndiyo sababu nyingine ninayoipendea kwa mazungumzo.

Kati ya hayo matatu, "completely" ndiyo tulivu zaidi. Inafaa ripoti: "The store was completely empty when we arrived." "Absolutely" ina sauti ndani yake, inafaa mdomoni zaidi ya karatasini. "Totally" ndiyo yenye maisha mawili, na hapo ndipo watu hukwama.

Maisha yake ya kwanza ni rasmi kabisa. "Totally blind", "totally destroyed by fire": hakuna hakimu wala daktari atakayekuinulia nyusi. Maana yake ni jumla, bila kilichobaki. Maisha ya pili yalienea kwa kishindo miaka ya 1980 kwenye mazungumzo ya vijana wa California, ambapo "totally" ilikuwa ya kuonyesha kwamba niko nawe, tunaelewana. "I totally get you." "She totally saw us." Hapo hakuna jumla ya kitu chochote, kwa sababu kuona hakuna nusu wala robo. Ni ukaribu unaosemwa. Ndiyo maana ni tamu kati ya marafiki, na ndiyo maana inakwaruza ukiielekeza kwa mtu ambaye bado hamjawa karibu.

Chukua mahojiano ya kazi Westlands. Mama wa rasilimaliwatu anauliza, "Can you start on Monday?" Ukijibu "Totally", atakuelewa, lakini umejiweka rika moja naye kabla hajakukaribisha. "Absolutely" inatosha na ina uchangamfu. "Definitely" ni ahadi, kwa hiyo iseme kama Jumatatu utakuwa umefika kweli. "Sure" ni nyepesi mno kwa siku hiyo. "Of course" nayo wengi huiona ya adabu kuliko zote, kumbe ikitamkwa kwa haraka huweza kusikika kama "si ni wazi?", hasa akiwa ameuliza jambo dogo kama unajua kutumia kompyuta. Hapo "Yes, I do" na mfano mmoja wa kazi uliyoifanya ni bora.

Na kwa kuwa "definitely" nimeisifia, angalia tahajia yake. Wengi huandika "definately", kisha simu inawasahihishia kuwa "defiantly", na kijana anamwandikia mwajiri "I will defiantly attend". Amesema atahudhuria kwa ukaidi. Soma ujumbe mara moja zaidi kabla ya kuutuma.

"Literally"

Neno hili limezua ugomvi kuliko yote, na mimi nina msimamo. Maana yake ya asili ni "kwa maana ya maneno yenyewe, bila chumvi". Maana ya pili ni ile ya kutia chumvi: "I literally died laughing", na aliyesema yuko hai anakunywa chai. Watu hudhani uharibifu huo umeletwa na mitandao. Kamusi ya Merriam-Webster ilikwisha kuirekodi maana hiyo ya pili tangu toleo lake la 1909. Kwa hiyo kusema "hilo si neno sahihi" hakuna msingi tena. Limo kamusini.

Lakini kuwa kamusini hakulifanyi lifae kila mahali. Fikiria mpangaji wa mtaa wa Umoja anayemwandikia mwenye nyumba: "The kitchen is literally flooded." Kama maji yamefika kifundo cha mguu, hilo ni neno sahihi na lina nguvu, kwa sababu linamwambia msomaji asidhani ni chumvi. Kama ni bomba linadondosha tu, mwenye nyumba akija na kukuta kindoo kimoja, malalamiko yako yajayo hatayaamini. Vivyo hivyo kwa maelezo unayoandikisha polisi au dai la bima baada ya ajali. Mtu anayeandika "the car literally flew" anaweza kuulizwa ilipaa umbali gani. Kwenye maandishi ambayo yanaweza kufika mbele ya wakili, andika "literally" pale tu ambapo ungeapa. Kati ya marafiki, paa nayo utakavyo.

"So" na "too"

"So" ni neno la moyo. Sali Tagliamonte na Chris Roberts walichunguza lugha ya Friends, kipindi cha televisheni cha Marekani kilichorushwa kuanzia 1994 hadi 2004, na katika utafiti wao wa 2005 walionyesha kwamba "so" ndiyo iliyoongoza vielezi vya mkazo humo, na kwamba wahusika wa kike waliitumia zaidi ya wa kiume. Nairobi kipindi hicho kilitazamwa na wengi waliokuwa vijana wakati huo, na leo ndio mameneja. Kwa hiyo "I'm so happy for you" haishangazi tena hata ofisini.

Katika Kiingereza rasmi, "so" inamfanya msomaji asubiri kitu. "The rain was so heavy that the Nairobi River burst its banks": hapo imekamilika, sababu na tokeo, kama tulivyoona kwenye mafuriko ya 2024. Ukiishia "the rain was so heavy" ndani ya ripoti, msomaji anabaki akiuliza kiasi gani. Rafiki yako haulizi, kwa sababu anaisikia sauti yako.

"Too" inataka uangalifu zaidi kwetu kuliko kwa watu wengine wengi. Kiswahili kina "mno", ambayo huweza kuwa sifa na huweza kuwa malalamiko: "mzuri mno" ni sifa. Basi nasi tunasema "she is too beautiful" tukimaanisha amependeza kupita. Msikilizaji wa Nairobi anaelewa. Mgeni kutoka Uingereza anasikia kwamba uzuri umepita kipimo na sasa ni tatizo. Mfano unaonigusa zaidi ni wa jikoni. Mgeni amekaribishwa, amekula chapati na maharagwe ya nazi, na anasikia Mkenya aliyeketi naye akisema "this food is too sweet". Mkenya amesema chakula ni kitamu mno, kwa kuwa "sweet" kwetu imechukua maana yote ya "tamu". Mgeni amesikia kwamba mpishi amemwaga sukari. Mama aliyepika yuko pale pale, na sentensi ile ile imekuwa shukrani kwa mmoja na lawama kwa mwingine. Ukiwa na wageni, "delicious" tupu inatosha, au "really good". Ukiwa na wenyeji, endelea na "too sweet", mpishi atafurahi.

"Quite"

Hili nalipitia haraka, lakini wanaofanya kazi za mtandaoni kwa wateja wa nje walijue. Kwa Mmarekani, "quite good" ni nzuri sana. Kwa Mwingereza mara nyingi ni "si mbaya". Mteja wa London akikuandikia "quite good", usisherehekee bado. Na wewe ukimsifia kazi yake kwa "quite good", anaweza kununa kimyakimya. Tumia "very good" na mtaelewana pande zote. Halafu "quite" ikikutana na sifa iliyofika kileleni, kama "quite impossible", inageuka kuwa "kabisa" kwa wote wawili.

Vielezi vyenye wenzi wao

Kiingereza rasmi hakitaki tu neno lenye nguvu, kinataka neno lililozoeana na jirani yake. "Highly recommended", "highly skilled", lakini si "highly good". "Deeply grateful", "deeply concerned". "Strongly disagree". "Strictly prohibited", kama ilivyo kwenye mabango ya kukataza kuegesha magari. "Bitterly cold", "bitterly disappointed". Ukiziweka hizi mahali pa "very", barua inapata uzito bila kelele. Ni kitu cha kukariri kwa jozi, hakuna njia ya mkato.

Jozi nyingine zina hulka. Bill Louw, mwanaisimu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Zimbabwe, alionyesha mwaka 1993 jinsi "utterly" inavyopenda kufuatwa na mabaya: "utterly ridiculous", "utterly useless". Ukimsifia mkurugenzi kwa "utterly", hata kama nia ni njema, kuna kivuli kinaingia naye. "Perfectly" ni kinyume, huandamana na mema: "perfectly clear", "perfectly happy".

Na hapa napenda kuwakumbusha wenzangu kwamba sisi tuna utajiri wa aina hii tangu zamani. Giza totoro, kulala fofofo, kulowa chepechepe, nyeupe pe. Hakuna anayejifunza Kiswahili akapata "totoro" kwa kubahatisha, lazima aisikie ikiwa na giza. Kiingereza kina zake: "pitch dark" kwa giza totoro, "fast asleep" kwa kulala fofofo, "soaking wet" kwa kulowa chepechepe, "brand new" kwa mpya kabisa. Hizi ni nzuri kuliko "very dark" na "very wet", na zinafaa insha ya shule, ripoti na porojo kwa pamoja. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani ajifunze hizi kabla ya kujifunza maneno marefu.

Misimu ya kigeni na misimu yetu

Vijana wa Nairobi leo wana "hella", "mad", "deadass", "lowkey", "bare". Kila moja lina nyumbani kwake. "Hella" ni ya kaskazini mwa California, "mad" kwa maana ya "sana" inahusishwa na New York, na "deadass" vivyo hivyo, "bare" ni ya vijana wa London. Anayeyatumia yote kwa sentensi moja anasikika kama redio inayorukaruka stesheni. Rafiki yako wa Kayole hatajali. Mtu aliyetoka New York au London atasikia mara moja kwamba maneno umeyaokota, na kama unataka kumvutia, hayo hayatafanya kazi hiyo. "Lowkey" tena humaanisha kinyume cha mkazo, "kwa chini chini", kwa hiyo usiiweke mahali pa "sana".

Kuna kundi ninalolikataa kabisa kazini: maneno ya matusi yanayotumiwa kama mkazo, pamoja na "bloody" na "damn" zinazoonekana nyepesi. Matusi ya lugha uliyojifunza darasani hayachomi ulimi wako, na ndiyo hatari yake. Unayatamka kama mapambo, na mwenzako aliyezaliwa nayo anayasikia kwa ukali wake wote. Neno ambalo usingethubutu kulisema mbele ya shangazi kwa lugha ya mama, usiliseme mbele ya mteja kwa Kiingereza.

Ukitaka msimu wenye ladha, wa kwetu upo. "Nimechoka mbaya" haina mpinzani kwenye matatu ya 58 kuelekea Buruburu saa moja jioni. "Mbaya" hapo imefanya safari ile ile ya "terribly" na "awfully", kutoka ubaya hadi mkazo mtupu, mpaka mtu anaweza kusema anampenda mwenzake mbaya. Ibaki kwa marafiki. "Sana" kwa upande wake imekwisha kupewa kibali ofisini: "Thank you sana", "Sorry sana", "Karibu sana" katikati ya Kiingereza ni lugha ya kawaida ya kazi Nairobi, na naiona ina heshima kuliko "totally" ya kuazima. Ila iwe kwa Mkenya mwenzako. Kwenye barua rasmi chagua lugha moja uimalize.

Kuomba radhi na kutoa pole

Hapa ndipo uchaguzi unapobana zaidi, kwa sababu mkazo ukikosewa, radhi yenyewe inaharibika. Mvua imenyesha, Jogoo Road imefungana, na kikao ni saa mbili unusu. Kwa rafiki: "Bro, sorry sana, nimekwama Jogoo Road." Kwa bosi: "Good morning Madam. I'm really sorry, I am held up in traffic on Jogoo Road and will be in by 9.15." "So sorry" ingesikika kama ya rafiki, na "very very sorry" inamfanya adhani kuna lingine kubwa zaidi. Kwa mteja aliyesubiri, na kwa maandishi: "I sincerely apologise for the delay." "Sincerely" ina mahali pake hapo, na ukishaiandika usiongeze "very" wala "so" kwenye sentensi inayofuata. "I'm terribly sorry" ni Kiingereza safi cha Uingereza, lakini kwa masikio mengi ya hapa inasikika ya kuigiza, kwa hiyo mimi siishauri.

Kwenye msiba mambo yanageuka. Hapo "so" ndiyo inayofaa kuliko "very", hata kwa mtu usiyemfahamu sana: "I'm so sorry for your loss." Ukiandika kwa niaba ya kampuni, "We are deeply saddened" inakaa vizuri. "Really sorry" hapo ni baridi kidogo, kana kwamba umechelewa kikao.

Na kwa kuwa "sorry" kwetu ni "pole", tunamwambia hata mtu aliyejikwaa ngazini. Mgeni atakujibu "it's not your fault", akidhani unakiri kosa. Usiongeze mkazo ili akuelewe, kwani "so sorry" itamthibitishia kwamba ni wewe uliyemsukuma. Muulize "Are you all right?" na umwokotee mizigo yake.